Kushuka Bila Gia

Nimeuza chapati mlangoni kwa Imran muda wa kutosha kujua kwamba dereva akishindwa na gari la kwenye kioo hukasirika kuliko akishindwa na mkewe. Mke atamtukana, au atamwacha. Kioo hana la kukifanya. Anatoka nje anatweta, ananunua chai, anaiacha ipoe, anarudi ndani.

Imran ni mtoto wa ukoo wa wauza vipuri hapa Kambarage, Shinyanga. Nyuma ya duka kuna chumba ambamo baba yake alikuwa akirundika ringi na bampa kuukuu. Imran alikisafisha akaweka mchezo wa magari. Si ule wa watoto wa kubonyeza kwa vidole gumba. Kuna kiti kilichong'olewa kwenye gari lililopata ajali, usukani, pedeli tatu za chuma, gia ya kushika kwa mkono, na televisheni pana kama mlango. Ndani ya usukani mna mota. Ukipita kwenye mashimo unatetema, ukiingia kona kwa pupa unakuvuta mkono kama ng'ombe aliyeona majani. Matairi yasipopata moto yanateleza. Ukigonga ukuta, gari limekufa, unaanza upya. Ndani ya mchezo kuna msaada wa kukushikia breki na kukubadilishia gia, lakini Imran aliuzima.

"Ukitaka gari linalojiendesha," huwaambia, "kachezee simu ya mwanao."

Nimewaona wanaume waliopeleka mizigo mpaka Kongo wakikaa pale kwa mbwembwe, kona ya pili wako ukutani. Yupo mmoja anaitwa Ngassa, anaendesha dampa mgodini, tairi lake refu kuliko nyumba yangu. Akiwa mapumziko hashindi kwake, anashinda pale. Siku moja alitoka jasho linamtiririka, akaegemea meza yangu.

"Mama Khatija, mimi nitakufa na ile kona."

"Si uache?"

"Niache vipi, na kosa langu nimeshalijua? Nimekanyaga breki wakati usukani umekunjwa. Kesho sikanyagi."

Kesho yake akakanyaga tena. Lakini maneno yake niliyashika. Duniani mtu akiharibu, humtafuta wa kumtwika: barabara, fundi, shetani, mkewe. Pale ndani huna wa kumtwika. Nilikuwa nakaanga chapati huku nawaza kwamba laiti kungekuwa na kioo kama kile zamani, maisha yangu yangekwenda njia nyingine.

Maana mimi nilitwikwa.

Mume wangu alikuwa Nuruddin. Wakati huo tulikaa Segese, yeye akiendesha Hilux ya milango minne ya mnunuzi mmoja wa dhahabu. Kutwa ilikuwa Nyarugusu na kurudi, kupeleka watu kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kuleta mifuko ya mawe. Alisifika. Na alikuwa na tabia ya madereva wa huku, wanaita kuweka fri. Ukifika juu ya mlima unatoa gia, unaliacha gari lishuke lenyewe, injini imenyamaza, mafuta hayaliwi. Yale yanayobaki kwenye tangi dereva anayanyonya kwa mpira, anauza. Kila akitoa gia alikuwa akisema, "Mlima ufanye kazi," halafu anaweka mkono pajani, anapumzika.

Mimi shule sikwenda hata siku moja, lakini gari alinifundisha mwenyewe, kwenye njia za vumbi, ili siku akilewa niendeshe nimrudishe. Kitu kimoja alinikataza. Siku niliyojaribu kutoa gia mteremkoni alinipiga kofi mkononi. "Fri si yako. Wewe shuka na gia, tena namba mbili. Fri ni ya wenye kazi yao." Nikashika hilo kama sala.

Ajali ilitukuta tukirudi kutoka arusi ya mdogo wake Nyarugusu, alfajiri ya manyunyu. Gari alilichukua bila bosi kujua. Khatija wetu, ndiyo kwanza ameanza shule, alikuwa amelala kiti cha nyuma. Tukafika mteremkoni, Nuruddin akatoa gia, akasema maneno yake. Chini kwenye kona tukakuta mkokoteni wa maji. Akakanyaga breki, Hilux ikageuka matako mbele, ikaingia korongoni. Mlango wa nyuma ukambana mtoto mguu.

Sikuwa hata nimemaliza kupiga kelele, aliponishika bega.

"Tabu, hamia huku. Kaa kwenye usukani."

"Mtoto, Nuru! Mtoto!"

"Mtoto namtoa mimi. Watu wanakuja. Mimi wakinifungia leseni tutakula nini? Wewe huna leseni ya kunyang'anywa."

Nikahama kiti.

Nililala mahabusu wakati mwanangu anawekwa vyuma mguuni. Bosi alisamehe, akasema mwanamke anajua nini. Kazi ya Nuruddin ikabaki. Baadaye aliwaita ndugu zake, akasema mbele yao kwamba hawezi kulala chumba kimoja na mwanamke aliyemlemaza mwanawe. Akanipa talaka. Khatija akapelekwa kwa dada yake Nuruddin, Yasmini, akalelewa huko na hadithi hiyo: mama yako hajui gia, aliliacha gari fri, likamshinda.

Mtoto alikua, akaja Shinyanga kwa sababu Imran alitaka msichana wa kukaa kaunta. Akafikia kwangu kwa sababu hakuwa na pa kulipia. Shikamoo mama asubuhi, lala salama mama usiku, basi. Anachechemea. Jioni tukifunga, ikija bajaji ya kuturudisha, alikuwa hapandi nami. "Tangulia, Mama, nitakuja na nyingine." Hata dereva akiwa mwingine, hata mvua ikinyesha. Alikuwa hakai kwenye kitu chenye magurudumu kama mimi nimo.

Nilimwambia ukweli mara moja. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Mama, hata hilo unataka kumtwika Baba?" Sikurudia tena.

Wateja wakipungua, Khatija ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kile kiti. Mguu wa kushoto hauna nguvu ya klachi, akawa anausukuma kwa kiganja juu ya goti, huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Alikosea siku nyingi, akalia kwa hasira siku nyingi, mpaka akawa hakuna dereva anayemfikia. Akiwa amekaa pale hachechemei. Nilikuwa nachungulia mgongo wake ulivyonyooka, namjua ni wangu.

Rafiki zake walimuuliza siku moja, mimi nasikia, kama anakumbuka ajali. Akasema, "Nakumbuka kimya tu. Kulikuwa na kelele, halafu kimya, halafu nikaamka nimefungwa mguu." Nilidhani anasema usingizi.

Sasa Nuruddin ana duka Segese, anauzia wachimbaji tochi, kamba na makoleo. Akapiga simu kwamba duka linataka mtu wa damu, anakuja kumchukua binti yake Jumamosi. Khatija hakunieleza mimi, alimweleza Imran, nami nikiwa nimesimama pale na sinia. Jumamosi akaja kazini na begi lake la nguo, akalisukuma chini ya kaunta. Kila nilipoingia kupeleka chapati nililiona, zipu imefungwa mpaka mwisho. Nilijua likitoka pale, mwanangu atazeeka akiamini kwamba mama yake ndiye aliyemvunja.

Nuruddin alifika mchana, amenenepa, funguo anazichezesha kidoleni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Uko tayari?" Kisha akaniona. "Tabu! Bado unakaanga?"

"Nakaanga. Na wewe bado unaendesha?"

Akacheka, akapita. Lakini Ngassa alikuwa mle ndani na madereva wenzake, wamechafukwa na roho kwa kupigwa na mashine tangu asubuhi, wakamrukia.

"Mayu wane, mama yangu! Huyu si ndiye Nuru wa Nyarugusu? Aliyekuwa anafika kabla ya vumbi lake?"

"Ndiye mwenyewe."

"Basi kaa hapo tukuone. Sisi tumeshindwa, labda hili gari linangoja mwenyewe."

"Nina safari, vijana."

"Anaogopa," mmoja akasema. "Mzee kaogopa televisheni."

Nuruddin hajawahi kuweza kuliacha neno kama hilo lipite. Akakaa. Khatija akainama kwenye kompyuta kumchagulia njia.

"Nakuwekea ya mlimani, Baba. Unapanda kidogo, halafu mteremko mrefu. Kona mbaya ni moja tu, ya chini kabisa."

"Mimi niwekee yoyote."

Alipanda vizuri, sitasema uongo. Mkono wake bado ni mwepesi. Spika za Imran ni kubwa, injini ikawa inanguruma mpaka sufuria zangu nje zinasikia. Alipofika juu, akakanyaga klachi, akavuta gia katikati. Ngurumo ikakatika. Kikabaki kishindo chepesi cha matairi na upepo. Akaweka mkono pajani.

"Mlima ufanye kazi," akasema.

Chini kwenye kona alikanyaga breki, gari likageuka matako mbele, ukutani. Watu wakaangua kicheko.

"Mzee Nuru," Imran akasema, "umetoa gia mteremkoni! Injini ndiyo inayokushikia gari. Ukiweka fri, breki peke yake zitakuzidi."

"Wewe mtoto wa dukani ndiye wa kunifundisha? Nimeshuka hivyo nchi nzima."

"Nchi nzima ilikuvumilia. Hii haivumilii."

"Huu usukani ni plastiki. Anzisha tena."

Mara ya kwanza Khatija alicheka na wenzake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, namwona. Mara ya pili, ngurumo ilipokatika, aligeuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka nje. Kicheko kikamwisha usoni. Gari likaenda ukutani palepale, Nuruddin akapiga usukani kwa kiganja.

"Basi, mchezo wa kijinga. Twende, mwanangu, giza lisitukute njiani."

"Rudia, Baba."

"Tutachelewa."

"Rudia mara moja tu."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nuruddin akadhani anamwonea aibu mbele za watu, akakaa tena. Ngassa akamwambia, "Mzee, safari hii usitoe gia." Akajibu, "Sitoi." Na nina hakika hakukusudia kutoa. Lakini mkono wa dereva una kichwa chake. Alipoona mlima umeanza kushuka, ukaenda wenyewe, gia ikatoka, na midomo ikasema maneno yake kwa sauti ya chini. Khatija alikuwa amefumba macho. Kiganja chake kilikuwa juu ya goti bovu, kimelibana.

Alipofumbua alinitazama mimi.

"Mama, njoo ukae."

Watu wakacheka. "Mama wa chapati?" Nuruddin hakucheka.

"Khatija, acha mzaha. Mama yako na usukani, wote tunajua walipoishia."

"Ndiyo maana nataka akae."

Sikuwa nimeshika usukani tangu alfajiri ile. Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimewaona wanaume wazima wakidhalilika pale, na mimi nikigonga, basi nimetia saini kwamba ndivyo nilivyo. Nikalitazama begi. Nikaweka sinia chini, nikavua kandambili, nikakaa. Imran akanisogezea kiti mbele. Vidole vyangu vilikuwa na unga, vikaacha alama kwenye usukani.

Gari likanizimikia. Nikawasha, likazima tena.

"Bi mkubwa, unaendesha au unasukuma?"

"Mwacheni," Ngassa akasema.

Likaondoka. Nikapanda taratibu, usukani unanivuta kama unataka kunitoka, nami nimeung'ang'ania mpaka mabega yanauma. Juu ya mlima barabara ikapotea mbele yangu. Nikaweka namba mbili. Injini ikalia, ikalia kama karasha lililopewa jiwe gumu, hata mtu mmoja akaziba masikio.

"Ongeza gia, mama, unaiua!"

"Anapeleka maiti huyo!"

Sikuongeza. Nilishuka na kelele ile hatua kwa hatua, nalisikia neno la Nuruddin la zamani: shuka na gia, tena namba mbili. Kona ikaja. Nikaanza kukata, lakini nilichelewa, tairi moja likapanda ukingo, usukani ukanipiga dole gumba, na injini ingali inalia nikaingia ukutani.

Nuruddin akapiga makofi.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Ndivyo ilivyokuwa! Kona ya chini, vilevile! Mwanangu, umeona sasa kwa macho yako?"

Niliachia usukani. Nikawaza, Tabu, umemkabidhi mtoto kwa mikono yako mwenyewe, mara ya pili. Nikageuka kumtazama Khatija, macho alikuwa ameyafumba tena.

"Kelele hazikukatika," akasema.

"Nini?" Nuruddin akauliza.

"Mama kashuka na kelele mpaka ukutani." Akafumbua macho. "Siku ile hakukuwa na kelele, Baba. Kulikuwa kimya. Na kwenye kile kimya mtu alisema mlima ufanye kazi. Miaka yote nilidhani nimeota."

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala. Kimya ndicho kilichoniamsha."

Ngassa alivua kofia, akawa anaitazama ndani kana kwamba ameandikiwa kitu. Imran akazima spika.

"Unamhukumu baba yako kwa mchezo?" Nuruddin alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia. Ndipo akanigeukia mimi, na sauti ikarudi ileile ya korongoni, ya haraka, ya siri, kama vile bado ni mume wangu. "Tabu. Sema. Waambie."

Hapo ndipo nilipoona ujasiri wa mtu yule. Alidhani nitahama kiti tena.

"Mimi nilishasema zamani, ulivyotaka," nikamjibu. "Nikalalia sakafu ya mahabusu kwa kusema. Leo zamu yako."

Alisimama pale, funguo zimetulia kidoleni. Nilingoja. Khatija alingoja. Angesema neno moja tu, hata la uongo mzuri, pengine binti yule angemfuata, maana alimpenda. Akasema, "Nitakupigia simu ukishatulia," akatoka. Tulilisikia gari lake likiondoka kwa fujo, gia baada ya gia.

Watu wanapenda kuniuliza kama nilifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira hata na mtoto. Mimi mama yake nilipomwambia kwa mdomo hakuniamini, akaja kuiamini spika ya Imran. Nilirudi kwenye jiko langu nikakuta chapati ya mwisho imeungua, nikaibandua, nikaitupa. Yeye alibaki kaunta mpaka kufunga. Hakuja kuniomba msamaha, na mimi sikwenda kuutafuta.

Jioni mvua ikaanza. Bajaji ikasimama. Nilikusanya sufuria zangu, nikajifunika kanga kichwani, nikangoja aseme "tangulia" yake. Alitoka na begi, akachechemea mbele yangu, akapanda yeye kwanza. Akauvuta mguu kwa mikono miwili akauweka ndani, kisha akasogea mpaka mwisho wa kiti.

"Ingia basi, Mama," akasema. "Unanyeshewa."